Babu Analalia Mayai

2 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini uko salama, na ile mikono yako haiungui tena kwenye matanuri ya kiwandani. Mwoka mikate asiye na kovu ni yule aliyeanza kazi jana, lakini jipake mafuta. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu siipendi. Ukishakata, sibaki na kitu cha kusoma tena.

Watoto wako wazima. Donge ametimiza miaka mitatu na anakula mpaka sahani inamwogopa. Dada yake bado ni yule yule Mwalimu. Ana miaka sita na nyumba nzima iko chini ya amri yake, mimi, paka na kuku. Aliyebaki nje ya amri ni baba yako.

Nisikufiche. Plasta waliitoa mguuni mwezi uliopita. Daktari akapiga picha, akasema mfupa umeunga vizuri, mzee asimame, atembee kidogo kidogo kila siku, la sivyo mguu utakauka. Baba yako akaitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akapanda kitandani, akageukia ukutani. Yuko hapo mpaka leo. Chai anakunywa nusu. Mkongojo umeegemea mlango, hata karatasi yake haujavuliwa. Nikimwambia ajaribu, jibu lake ni moja, "Kesho." Fundi wa paa, mwanangu, mtu aliyezeekea juu ya mapaa ya watu na hakuwahi kuteleza, ameangushwa na kigoda cha jikoni akibadilisha balbu. Nadhani mfupa umepona, ila aibu haijapona. Majirani wakija kumpa pole anafumba macho mpaka waondoke.

Naogopa. Nimeona watu wakigeukia ukuta namna hiyo, na wengi wao hawakugeuka tena.

Mama yako


10 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mikono nayo haijambo. Wamenihamishia kwenye kukanda, kwa hiyo sasa kinachouma ni mabega. Wabusu watoto wangu, na Donge umbusu pale shingoni anapochekea.

Barua yako niliisoma nimesimama katikati ya unga, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mama, una mgonjwa wa kuinua, mtoto wa kukimbizana naye na mwingine wa kujibu maswali yake. Umri wako si wa kubeba watatu. Mwisho wa mwezi wa saba nitapata likizo. Nikimkuta Baba amesimama, watoto watabaki kwenu kama tulivyopanga. Nikimkuta bado kitandani, nitawachukua. Chumba changu ni kidogo lakini tutabanana.

Sisemi kwa hasira. Najua nyumba hiyo itakuwaje bila sauti zao, wewe na mtu aliyegeukia ukuta. Nimetafuta njia nyingine sikuiona.

Mwambie Baba shikamoo yake. Mwambie kwa sauti, hata kama amefumba macho.

Mwanao


19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Pole na mabega. Huku afya zipo, ila tumepata msiba na kituko siku moja, na sijui nianze na kipi.

Shangazi ameuawa. Usishtuke, si wifi yangu, yeye yu hai na bado anasema nyumba yangu ina vumbi. Ni yule kuku mwekundu tuliyempa jina lake kwa kuwa anaingia ndani bila hodi na kukagua masufuria. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuatamia nyuma ya tangi la maji, mbwa wa njiani akamnyakua. Nilipofika nilikuta manyoya, na mayai yake yote mazima, bado ya moto.

Nikasema niende kwa jirani nikamwombe kuku anayelalia. Nilikuwa hata sijavaa viatu. Mwalimu akayakusanya kwenye sketi yake, akaingia chumbani, akafunua blanketi na kumpangia babu yake mayai tumboni. Nikamsikia anasema, "Babu, wewe si unalala tu mchana kutwa. Basi na haya ulalie. Na usigeuke."

Nilikwenda mbio niyaondoe, nikiwa tayari na maneno yangu. Baba yako alikuwa ameutazama mlango. Akaniambia, "Mwanamke, polepole. Utayavunja." Sijasikia sentensi nzima kinywani mwake tangu plasta itoke.

Basi ndivyo tulivyo. Ameagiza kofia yake ya kazini, ameitandika kitambaa, mayai yamo humo na kofia iko tumboni chini ya blanketi. Anayageuza asubuhi, mchana na jioni, analowesha vidole kwa maji ya uvuguvugu na kuyapangusa. Chai anamaliza yote, anasema jiko lisilo na kuni halitoi moto. Paka wetu, Mwenye Nyumba, aliyekuwa akilala miguuni pake, amefukuzwa bila notisi. Donge anaruhusiwa kuingia akiwa amefunga mdomo kwa mikono miwili.

Kusimama bado. Nitasema kweli, sasa hata kukaa kitako hataki, asije akayapoza.

Mama yako


26 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima.

Nimecheka, Mama, mpaka wenzangu wakaja kuuliza. Halafu nikaacha kucheka. Mtu ambaye daktari amesema ainuke, mmempa sababu ya kulala. Mguu hausubiri vifaranga. Akiendelea kujikunja na hiyo kofia wiki nzima na nyingine, watoto watapata kuku na watamkosa babu. Kuku wako sokoni tele. Baba ninaye mmoja.

Yachukue hayo mayai, nakuomba. Mwalimu atalia siku mbili, atasahau. Na kama huwezi, nitakuelewa, lakini nitakuja kama nilivyosema. Tafadhali zifue nguo za watoto, uziweke tayari.

Binti yako anayewapenda


1 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na pole na kazi. Sisi wazima.

Una haki. Barua yako niliikunja nikaenda moja kwa moja chumbani na kikapu. Nikamwambia baba yako, mwanao amesema, na mimi namuunga mkono, lete kofia. Hakubisha. Akasema, "Kwanza ingia humu." Alikuwa na tochi, na Mwalimu alikuwa tayari chini ya blanketi, makalio nje. Bibi mzima, mchana kweupe, nikaingiza kichwa chini ya blanketi la mume wangu na tochi.

Akaliweka yai juu ya mwanga. Mwanangu, nimefuga kuku tangu nikiwa msichana. Nimevunja mayai mangapi kwenye kikaango, siwezi kusema. Sikuwahi kutazama ndani ya moja likiwa hai. Kulikuwa na nyuzi nyekundu zimetambaa pande zote, nyembamba mno, na katikati kitone kinarukaruka. Kinaruka chenyewe, hakuna anayekisukuma. Mwalimu akanong'ona, "Nani amekiwasha?" Baba yako akasema hajui, na amekaa juu ya nyumba za watu miaka yote hiyo akiliangalia jua likichomoza, na hilo nalo hajui nani analiwasha. Tukakitazama watatu humo ndani mpaka joto likatutoa.

Kikapu nilitoka nacho kitupu. Nisamehe. Mayai mengine hayakuwa na kitu, aliyatoa mwenyewe.

Nguo za watoto nitazifua.

Mama yako


9 Julai

Mwanangu,

Salamu kwanza. Natumaini mabega yamepoa.

Yametotolewa. Juzi asubuhi baba yako aliita jina langu, lile la nyumbani ambalo halitaji mbele ya watoto. Nikakuta ameliweka yai sikioni mwa Donge. Donge macho yamemtoka. Akanipa mimi. Ndani ya yai, ambalo halina ufa hata mmoja, kulikuwa na mtu anaita. Nasema mtu, sijui niseme nini. Kuku akilalia hulifanya jambo hili chini ya tumbo lake, wewe unaona tu asubuhi vifaranga wanatoka. Safari hii hapakuwa na manyoya ya kutuficha. Tulikaa kitandani wote wanne, tukaona ganda likitoboka, likachanika pole pole kwa kazi ngumu na mapumziko marefu, na kitu kilicholowa kikajisukuma nje kikalala kimechoka kwenye kiganja cha baba yako. Alilia. Mimi pia. Mwalimu hakuuliza swali lolote, na hilo nalo andika kama muujiza. Walitoka watano.

Sasa sikiliza. Jana niliwaweka kwenye boksi jikoni, nikawamwagia chenga za mchele. Hawakula. Hawajui chakula ni nini, hakuna mama wa kuwaonyesha. Nikagonga sakafu kwa kidole kama baba yako alivyonielekeza kwa sauti kutoka chumbani, wakanitazama kama mgeni asiyejulikana kaja kwa nani. Kila yeye akisema neno, wote watano wanageukia mlango wake na kulia. Akikohoa, wanakimbilia ukuta wa boksi. Wamemsikia yeye tangu wakiwa ndani ya yai, na wameamua ndiye.

Nikasema niwarudishe kwake kitandani. Nikasikia kitanda kinalia, halafu karatasi ya mkongojo inachanika. Nikataka kwenda. Mwalimu akanishika gauni, "Bibi, mwache. Wanamsikiliza yeye." Nilishika meza kwa nguvu zote. Baba yako akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, mguu mbaya mwembamba kama wa mtoto. Akafika kwenye boksi, akajishusha kwenye kiti, akagonga kwa kidole na kusema ko ko ko. Wakala.

Hayo ni ya jana. Leo mguu umevimba na amelala tena, na vifaranga wako naye. Siwezi kukuahidi kitu.

Mama yako


22 Julai

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Mbona kimya? Nimeenda posta mara kwa mara mpaka yule karani ananitikisia kichwa nikiwa bado nje.

Nguo zimefuliwa na kukunjwa. Mwalimu amezikuta juu ya kabati, akauliza nani anasafiri. Nimemwambia akaoshe mikono. Donge anasema yeye haendi popote, vifaranga ni wadogo zake. Mimi nikipita karibu na lile kabati natazama upande mwingine.

Uvimbe wa baba yako umepungua. Sitasema zaidi, nisije nikaandika ninachokitaka badala ya ninachokiona. Uje uone mwenyewe. Utakachoamua, sitapinga.

Mama yako


3 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na kazini nimekuta unga uleule na kelele zilezile. Natumaini Donge ameacha kunililia. Mimi sijaacha kumlilia.

Hukuniuliza kitu siku zote nilizokaa kwenu, na nilikuona ukinitazama kila nikifungua mkoba. Nikakosa namna ya kusema. Kalamuni ninaweza.

Sikujibu barua zako kwa sababu nilikuwa nimekwisha amua. Mkoba niliokuja nao ulikuwa mtupu, Mama, wa kutilia nguo zao. Nilishuka basi asubuhi, nikapita ule uchochoro wa nyuma, na nikiwa bado nje ya ua nikasikia sauti ya mtu mzima inasema ko ko ko. Nikachungulia kwenye upenyo wa mabati.

Baba alikuwa uani. Mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kiunoni. Alikuwa anaparua ardhi kwa mguu, Mama, mguu uleule uliovunjika. Anaparua mara moja nyuma, mara moja tena, anarudi hatua, anatazama chini kuona kimetoka nini. Vifaranga wanaruka juu ya kiatu chake kugombea mdudu. Pembeni yake Mwalimu anaparua. Donge anaparua na kuanguka, anaparua na kuanguka. Mwenye Nyumba yuko juu ya ukuta, amefyata mkia, na kila akinyanyua kichwa Baba anamwonyesha mkongojo. Kisha akaanza kwenda kuelekea kwenye tangi, na wote wakamfuata kwa mstari, watano wa manyoya na wawili wangu. Alikwenda polepole sana. Hakuwa anaangalia miguu yake, alikuwa anageuka nyuma kuhakikisha hakuna aliyeachwa.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nimeona vitu vikubwa tangu nije huku, majengo ambayo ukitazama juu kofia inaanguka. Hakuna hata kimoja kilichonifanya nishike ukuta. Nilijipangusa uso ndipo nikazunguka kupiga hodi, na wewe ukadhani ni vumbi la safari.

Kuna jambo hukulisikia, kwa kuwa ulibaki na watoto Baba aliponisindikiza kituoni. Nilimkatalia, ni mbali, hajavuka lango tangu aanze kutembea tena. Akaniambia nisimfundishe kutembea, anaye mwalimu tayari. Tulipumzika kwenye kila ukuta wenye kivuli. Nikamuuliza, "Baba, daktari alikuomba, Mama alikuomba, mimi nimekuomba. Hivi kweli umeinuliwa na kuku?"

Akacheka. Akasema, "Kuku mimi nampenda sufuriani. Sikiliza, mwanangu. Tangu nianguke, kila aliyeingia mlangoni alinipa pole. Yule mtoto peke yake ndiye aliyenipa kazi."

Basi likaja. Nilimwambia akae kwenye benchi la kituo apumzike kabla ya kurudi, akasema sawa. Nikapanda, nikapata kiti cha nyuma, nikiwa na mkoba wangu mtupu mapajani.

Zirudishe nguo za watoto kabatini, Mama. Basi lilipokata kona niligeuka kumtazama. Benchi lilikuwa wazi, hakuna mtu. Yeye alikuwa pembeni yake, amesimama.

Mwanao