Baba Bado Anahesabiwa

Jumanne, nyumbani Uyole. Baridi ya Juni inauma mpaka kwenye meno, na moyo nao haujakaa sawa.

Leo ofisini tumejaribu mfumo mpya wa kuhesabu watu. Hakuna tena karani wa kubisha hodi na kukimbizwa na mbwa. Kompyuta inachukua vitambulisho, laini za simu, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, inaviunganisha, inakwambia nani anaishi wapi. Tukaambiwa kila mmoja aanze kwa kukagua kaya ya kwao. Nilishangilia kuliko wote, maana mfumo huu nimeupigania.

Nikafungua kaya yetu.

Baba yupo. Hai, mkuu wa kaya, anatumia simu kila siku. Baba tuliyemzika nyuma ya shamba la viazi, mvua ikitunyeshea!

Mama hayupo.

Jamani! Mama yangu, anayeamka kabla ya jogoo, hayupo. Nikajua mara moja kosa limetoka wapi. Kitambulisho alikifuatilia mpaka akachoka. Jembe limemla vidole, mashine haisomi alama. Basi akabaki na laini ya baba, ambayo wateja wa viazi wanaijua. Cheti cha kifo hatukuchukua, nani alikuwa na akili ya vyeti siku zile? Na huku kwetu wajane wenye laini za marehemu wamejaa tele.

Nikampigia. Simu yangu bado inaandika "Baba", nimeshindwa kubadilisha. Nikamweleza kwamba inabidi tuandikishe kifo, na ile laini itafungwa.

Akasema, "Mwanangu, baba yako tulishamzika, inatosha. Mimi niache hivyo hivyo. Kwani nani ananitafuta?"

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia yeye, mfumo, au mimi mwenyewe.

Bosi anataka ripoti asubuhi. Nikinyamaza, zahanati yetu itapangiwa dawa za wazee waliokufa, na wajane wao hawamo. Siwezi kunyamaza. Kaya yetu itakuwa mfano wa kwanza, na mama nitampeleka akajaribu tena vidole, hata akinuna.

Nimefungua kompyuta hapa mezani. Mbele ya jina la baba natakiwa kubonyeza neno moja tu: "Amefariki".

Kidole changu mashine inakisoma vizuri kabisa. Mbona hakitaki kubonyeza?