Mgongo wa Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na najua itakukuta kwa sababu nimeisukuma mwenyewe chini ya mlango wako. Afya yako sina haja ya kuiuliza sana. Nakusikia ukikohoa asubuhi, na kikohozi kimepungua. Mimi sijambo, ila mgongo na tumbo vinashindana kujitokeza, na tumbo linaongoza.

Najua ulisema tusizungumze tena mpaka mmoja wetu azikwe. Nimetafakari, nikaona kuandika si kuzungumza. Halafu ni kweli mmoja wetu humu amezikwa, ingawa si mimi wala wewe. Bibi Harusi amekufa. Nilimkuta jana asubuhi amelala kwenye kona, mweupe vilevile kama siku mama alipompa jina. Nimemzika uani, nyuma ya tangi la maji.

Sasa taabu ni Karani. Unamjua: wa kahawia, mwenye doa kwenye jicho moja kama miwani, aliyekuwa akikagua kila karatasi ya mama na kuila. Tangu jana hali chochote. Nimempa kabichi, kaipa kisogo. Nimempa hata kipande cha karatasi ninayokatia vipimo vya nguo, kitu anachokipenda kuliko nyasi, akakinusa akakiacha. Anakaa ndani ya kabati la mama, chini kabisa, uso kwenye ubao wa nyuma, anapiga mluzi: fyuu, fyuu, fyuu. Kinyama kisicho na mkia, kinachoenea kwenye viganja viwili, lakini sauti ni filimbi ya refa! Cherehani yangu inashindwa. Mteja mmoja alichukua kitambaa chake akaondoka, nadhani kaenda kuwaambia watu nafuga jini.

Simbilisi hawezi kuishi peke yake, mama alikuwa akilisema hilo kila siku. Naomba uniazime simbilisi wako, Mpangaji, kwa muda, mpaka Karani apate nguvu. Nitamrudisha akiwa mnene.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi

Jumatano, 6 Machi

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, asante kwa kunisikiliza ukutani.

Pole kwa Bibi Harusi. Nilimpenda. Nilisikia Jumapili ukichimba uani nikajua kuna msiba, maana wewe hujawahi kushika jembe kwa hiari yako.

Ila kuhusu Mpangaji, jibu ni hapana. Unaazima simbilisi kama mtu anavyoazima pasi? Ngoja nikukumbushe tulivyogawana. Mama aliacha simbilisi watatu na kabati moja. Ukasema wale wawili hawatenganishiki, wabaki kwako. Sawa. Ukanipa Mpangaji, mzee mwenye sikio lililokatika. Halafu likaja kabati. Hukutaka nilichukue, nami sikutaka ulichukue, mpaka yule seremala maskini akajenga ukuta wa mbao wa kuigawa nyumba, akilizunguka kabati palepale lilipo. Wewe ukapata milango, mimi nikapata mgongo. Mwaka mzima kabati la mama kwangu ni mahali pa kutundikia kalenda.

Na mwaka mzima huo Mpangaji amekaa peke yake. "Simbilisi hawezi kuishi peke yake." Umeandika wewe, kwa mkono wako. Hukuuliza hata siku moja huyu wangu anaishije.

Haya, kwa ajili ya Karani, si kwa ajili yako: usioshe anapolala. Aachiwe harufu ya mwenzake. Mkatie pilipili hoho vipande vyembamba, maana miili yao haijitengenezei ile vitamini ya machungwa, wakiikosa wanadhoofika upesi. Nyasi kavu ziwepo muda wote. Mlango wa kabati usiufunge.

Naenda kazini, wagonjwa wa watu wanasubiri nipike.

Dada yako

Jumamosi, 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na kila kofi lililokuwemo. U hali gani? Mimi sijambo kwa nje.

Kuhusu kutokuosha, tumechelewa. Nilikuwa nimeshatoa kila kitu, nimesugua kwa sabuni, nimemalizia na maji ya moto. Nilidhani usafi ni kumheshimu marehemu. Nilipomrudisha Karani alizunguka kona zote akinusa, kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba ina wenyewe wapya. Kisha mluzi ukaongezeka.

Hoho amekula kipande kimoja, kwa kunionea huruma.

Sasa usicheke. Mimi ni fundi nguo, kila tatizo naliona kama nguo. Nilichukua bitana ya manyoya kutoka koti la mteja aliyesahau kurudi, nikashona Bibi Harusi mwingine. Mweupe, macho ya vifungo, sikio moja kubwa kuliko jingine. Niliona nimefanya kazi ya maana. Nikamweka kabatini. Karani akamtazama yule, akanitazama mimi, akatugeuzia mgongo wote wawili. Baadaye nikamkuta amempasua tumbo, anachomoa pamba.

Lakini kuna jambo, dada. Kila akilia, jibu linatoka upande wako. Fyuu kwangu, fyuu kwako. Mwanzoni nilidhani ni wewe unanikejeli. Kumbe ni Mpangaji. Wanaitana kupitia mgongo wa kabati, na sisi tumekaa kila mtu upande wake tumenuna. Naona haya mbele ya wanyama.

Nisaidie. Nimechoka mpaka utosini.

Mdogo wako,
Fundi

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Fundi,

Salamu baadaye. Pamba! Toa hilo dude sasa hivi! Akimeza pamba tumbo litaziba, tutarudi nyuma ya tangi na jembe.

Nimekuachia mfuko mlangoni. Kuna hoho, majani ya karoti, na bomba la sindano lisilo na sindano. Saga majani, changanya na maji, mpe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Na umshike kama mtoto, usimshike kama kitambaa.

Suluhisho ninalo. Nipe Karani. Akae huku na mwenzake, moja kwa moja, basi.

Dada yako

Macho ya vifungo! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Usidhani hasira zimeisha.

Alhamisi, 14 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na habari za jikoni kwenu hospitali. Natumaini miguu inakubeba. Mimi nimekuwa wa kijani. Mpaka jana Karani alikuwa akila kwa bomba, nusu ikiingia tumboni mwake, nusu ikiishia kwenye shati langu. Mteja mmoja ameniuliza kama sare ya duka imebadilika.

Kukupa Karani moja kwa moja siwezi. Niite mbinafsi, nimeshajiita mwenyewe kabla yako. Huku kwangu hakuna sauti nyingine ila ya cherehani na ya huyu. Nikimtoa nitabaki nazungumza na pasi.

Asante hata hivyo kwa kuja uani jana. Nilipopaza sauti juzi, "Karani, kesho jioni tunatoka uani, sijui kama kuna mwenzetu atapenda kuja," nilibandika sikio ukutani. Niliposikia ukijibu kule, "Mpangaji, tutaona," nikajua ninaye dada bado.

Tulisimama pale kwenye sakafu ya kufulia kama watu wawili wanaogombea bomba la maji, hakuna anayemwangalia mwenzake. Wao wakasagiana meno, wakazungukana, Mpangaji akapandisha manyoya ya shingo, mimi nikafumba macho. Nilipofumbua walikuwa ubavu kwa ubavu, jani moja la karoti, huyu anakula toka huku, yule toka kule. Nilikuona ukitabasamu. Ukajitia unaangalia kamba ya nguo, lakini nilikuona.

Kisha tukawatenganisha, kila mtu na wake. Ulisikia makelele. Jirani alichungulia juu ya ukuta akiwa na sabuni kichwani. Tangu jana jioni Karani amekataa hata bomba. Ameona mwenzake, amemgusa, halafu tumemnyang'anya. Nadhani tumemwua, dada, kwa kumwonjesha.

Nina ombi, na nalitoa kwa adabu zote nilizobakiza. Ubao wa chini wa mgongo wa kabati, huo mmoja tu. Ukiung'oa, kabati litakuwa nyumba yao wawili, lina mlango wangu mbele na upenyo wako nyuma. Hakuna anayempa mwenzake kitu, na ukuta unabaki pale ulipo. Ubao ni wako, kwa hiyo naomba, siamuru.

Mdogo wako,
Fundi

Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ni miguu tu.

Tangu Alhamisi nasikia mluzi wa Karani ukizidi kuwa mwembamba, sasa ni kama uzi. Usidhani nimefurahia. Nilishusha kalenda siku ileile nilipopata barua yako. Nikachukua bisibisi. Nikaketi mbele ya ubao. Kisha nikaiweka chini, kwa sababu ya lile neno lako.

Siku ya ukuta ulisema, seremala akisikia, kwamba mama alipokuwa mgonjwa mimi nilikuja humu kama mgeni. Kabati tumegawana, simbilisi tumegawana. Neno lile ulinipa lote, mdogo wangu, hukubakiza hata kipande.

Nilikuwa nikitoka kupikia wagonjwa wa watu, nakuja kumlisha mgonjwa wetu kwa kijiko. Nakukuta umelala kwenye kiti, mdomo wazi, maana umemwangalia mchana kutwa. Nilikuwa nakufunika shuka. Mama alikuwa akiniambia, "Usimwamshe." Ukiamka mimi nimeshaondoka. Labda ndiyo maana ulinihesabu mgeni. Sijui. Nakuuliza.

Ubao nimeung'oa asubuhi hii. Sikutaka Karani afe kwa hasira zangu. Ukifungua kabati utaona taa yangu.

Lakini nijibu, na usinipake mafuta: bado unaamini nilikuwa mgeni?

Dada yako

Jumanne, 19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa zile za mwaka mzima nilizokunyima. Mvua hii imenifungia ndani, kwa hiyo leo barua sileti mlangoni. Naipitisha kabatini, chini pale kwenye upenyo, itakufikia upesi kuliko miguu yangu.

Karani amekula! Alikaa mbele ya upenyo, akatoa pua, akarudisha pua, mimi nikishika kichwa. Mpangaji ndiye aliyevuka, taratibu, kama mwenye nyumba anayekuja kukagua chumba. Wakalaliana. Karani alipoamka alikula hoho, akala nyasi, akala na kona ya karatasi ya vipimo vya suruali ya mwalimu, nikamwacha, suruali itakuwa fupi kidogo. Kimya kimerudi humu. Nimeshona kola mbili bila kujichoma.

Nimeona taa yako kweli. Nimeona na ncha za kandambili zako. Nilikaa sakafuni muda mrefu kuliko magoti yangu yanavyoruhusu, nikizitazama kandambili hizo.

Lile shuka. Nilikuwa najiuliza kila siku limefikaje juu yangu.

Sasa nijibu swali lako. Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana, sakafu imejaa vipande na Karani amefurahi. Lakini hii sichani. Dada, ukweli ni kwamba

Jumanne hiyohiyo

Kitinda,

Nakuita alivyokuita mama, maana nimekasirika mpaka nimesahau majina mengine.

Barua yako nimeipata, yaani nimepata sehemu ya juu. Nimesoma mpaka "ukweli ni kwamba". Kuanzia hapo imo tumboni mwa Karani. Sahihi yako ameimaliza Mpangaji, naye siku zote alikuwa hali karatasi, sasa amefundishwa na mwenzake. Nilipiga magoti nikajaribu kuwapokonya. Nimeambulia kona moja yenye neno "shuka" na alama ya jino.

Wewe ni mtu wa namna gani? Mwaka mzima nasubiri maneno yasiyofika mstari, unampa mla karatasi ayabebe!

Usiandike nyingine. Karatasi nimekatazwa kuziamini. Mlango wangu hauna komeo, na mvua ya kutoka mlango wako mpaka wangu haijawahi kuua fundi mnene. Nimebandika maji ya chai. Nimetega sikio hapa kwenye upenyo, na kiti chako sijakisikia kikisogea.

Inuka.

Dada yako