Maa, Yule Mtoto wa Chini Hakwenda Hong Kong

Mama yangu mpenzi,

Hapa Walthamstow kuna mvua ile ya rasharasha uliyokuwa ukiilalamikia kwamba hainyeshi wala haiachi. Nimekaa jikoni nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa ulipo wewe hapafiki posta. Mjukuu wako Farida akiisoma barua hii itabidi aniulize maneno mawili matatu, maana Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Na mimi nataka aniulize.

Nataka nikukumbushe ile miezi uliyokaa nasi. Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuwa tukishuka Heathrow kila kukicha, na masweta tuliyoyanunua Mombasa, ambayo hayakuzuia baridi hata kidogo. Mimi na mume wangu Yusuf tulitangulia. Wewe ulipokuja, nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya juu. Chini, chumba cha nyuma, walikaa Wachina wa Hong Kong, Keung na mkewe Siu Fong. Jiko lilikuwa moja, la nyumba nzima.

Hukuwa hata umevua koti. Ulitaka chai, ukaenda jikoni, ukakuta sufuria inatokota, ukafunua. Nilisikia mfuniko ukibingirika sakafuni.

"Zubeda! Nini hiki?"

"Miguu ya nguruwe, Maa."

"Mnapika jiko moja na hiki?"

Nikakueleza haraka haraka kwamba si yetu, kwamba mke wa bwana wa chini amejifungua, na kwao mzazi hupikiwa tangawizi na siki na mayai pamoja na hiyo miguu, apate nguvu na maziwa. Nikakwambia mwezi mzima hatoki nje wala hagusi maji baridi. Ukaokota mfuniko.

"Hatoki mwezi mzima?"

"Hatoki."

"Na nani anamkanda?"

"Hana mtu, Maa. Mumewe ndiye anayempikia, kabla ya kwenda kazini."

Ukavua koti sasa, kwa hasira. "Kumbe kuna mzazi humu ndani na hakuna aliyeniambia!"

Kesho yake ulimtuma Yusuf kuku wa kuchinjwa kihalali, ambaye siku zile alifuatwa mbali kwa basi. Ukapika supu katika sufuria yako mwenyewe, tangawizi nyingi, pilipili manga, kijiko cha samli, ukateremka nayo. Nilikufuata nikidhani nitakuwa mkalimani. Sikuwa na cha kutafsiri. Kiingereza cha Siu Fong kilikuwa kidogo kuliko changu, na wewe ulimsemesha Kiswahili moja kwa moja, kama vile amezaliwa Kibokoni kwetu Mombasa. "Kunywa, mwanangu. Kunywa ingali moto." Alikunywa, na machozi yakaingia bakulini. Baadaye tulifahamu kwamba hospitali walimletea maji ya baridi na vyakula vya baridi, akaogopa kula, akalala njaa na uchungu wake.

Wewe ndiye uliyeona kwamba kifua chake kimefungwa kwa kitambaa. Ulimwonyesha kwa mkono: kwa nini? Akatueleza kwa vijineno na ishara. Nesi alimuuliza kitu, naye kwa adabu akajibu yes. Akamuuliza kingine, akajibu yes. Wakampa vidonge, wakamfunga kifua, wakamletea chupa. Alikuwa amekubali kukausha maziwa bila kujua ameulizwa nini.

Keung hakuona ubaya. Kwao, alituambia, kopo la maziwa lenye picha ya mtoto mnene lilikuwa la watu waliofanikiwa, na ziwa lilikuwa la wanawake wa shamba. Mkewe amekuja Uingereza, na mwanawe atakunywa cha Uingereza. Alisema kwa fahari, na sikumcheka. Hata mimi nilikuwa nikiliangalia lile kopo dukani na kulitamani.

Halafu nikajifungua Farida. Unakumbuka ulivyoninong'oneza pale wodini wakati wa kutazama wagonjwa? "Hiyo dang'a ya manjano ikamue uimwage. Ni uchafu. Mpe asali kwanza." Nesi akakataa katakata, akamweka Farida kifuani kwangu mbele yako, naye mtoto akanywa hiyo hiyo dang'a, maziwa ya kwanza. Ulinuna mpaka ukaondoka. Siku ya pili ulipokuja ulimtazama mtoto mashavu yake, ukasema, "Haya. Labda wanajua." Sijawahi kukusikia ukishindwa kwa uzuri kama siku ile.

Nyumbani Farida akanenepa. Kit, yule mtoto wa chini, akakonda. Maziwa ya kopo hayakumkubali: akinywa, anatapika, na yakibaki yanamharisha. Sista Doyle, nesi aliyekuwa akizunguka majumbani, aliwapima wote wawili juu ya meza ya jiko, mmoja baada ya mwingine, na Siu Fong aliona mwenyewe ule mshale wa mizani. Hakuhitaji Kiingereza.

Ndipo Keung akatuambia mpango wao. Mtoto akipata nafuu kidogo, na akipatikana mtu wa kusafiri naye, atapelekwa Hong Kong kwa mama yake Keung. Siu Fong alitakiwa dukani alikofanya kazi Keung, kwenye karai la kukaangia samaki na chipsi, kuanzia mchana mpaka usiku, na chumba chao kilikuwa kimoja. Wenzao wote walifanya hivyo. Na ni hao wenzao waliomtia hofu Siu Fong. Mke wa binamu yake Keung alikuwa amempokea binti yake kutoka Hong Kong wiki zile zile, karudi mkubwa wa kwenda shule. Mtoto alisimama mbele yake pale dukani, akamuuliza, "Mama yangu atakuja lini?"

Siu Fong alitusimulia hayo jikoni, akiwa anaosha chupa. Alikuwa akiiosha ile ile tu, haimalizi.

Ile siku yenyewe ilikuwa mchana, Maa, sote watatu tuko jikoni. Farida amelala juu. Kit analia kilio kile kikavu, cha mtoto asiye na nguvu ya kulia. Amekataa chupa. Ukanitazama.

"Mpe wewe."

"Maa, si mwanangu."

"Kwani nimesema ni mwanao? Nimesema mpe. Una maziwa ya kulisha mtaa."

"Na Yusuf je?"

"Yusuf ana maziwa?"

Nilicheka. Lakini ukaniwekea mkono begani, ukawa si wa mzaha tena. "Sikiliza. Ukimnyonyesha huyu, atakuwa ndugu yake Farida. Ndugu wa kunyonya, sawa na wa tumbo. Hawataoana, hawatatupana. Usiseme hukujua." Kisha ukamgeukia Siu Fong. Ukaonyesha mtoto, ukaonyesha kifua changu, ukakunja mikono ukangoja. Hukumnyang'anya mtoto. Hilo nalishika mpaka leo. Ulingoja mpaka akaamua mwenyewe.

Siu Fong alimtazama Kit, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa na haya, na kitu kingine nilichokielewa baadaye sana, nilipokuwa na watoto wakubwa: uchungu wa kumpa mwingine kazi yako. Kisha akainuka, akaniletea. Kit hakujua kushika. Alihangaika, akakohoa, akashika. Siu Fong alipiga magoti pale sakafuni akimtazama koo likipanda na kushuka, na wewe ukamshika kichwa ukakiegemeza kwenye paja lako.

Nilidhani yameishia hapo, mimi nitanyonyesha wawili. Ni wewe uliyekataa. "Huyu ana mama," ulisema. Sista Doyle alipokuja, nikamweleza huku nikiogopa atatushtaki. Akakaa kitini, akavua kofia yake, akasema amewahi kuona kwao Ireland maziwa yakirudi; tumweke mtoto kwa mama yake mara kwa mara, hata kama hakitoki kitu, mimi nimalizie. Basi ukaichukua kazi hiyo. Ulimkanda Siu Fong kifua na mgongo kwa maji ya moto na taulo. Ulimpikia uji wa sukari guru. Keung naye, Maa, akaja na samaki mzima kutoka sokoni, akachemsha supu nyeupe kama maziwa yenyewe, akakuwekea bakuli lako kando, na kukuonyesha kwa vidole kuwa hamna nguruwe humo.

Ikawa siku nyingi za bure. Siu Fong alikata tamaa, ukamfokea, akakufokea kwa Kichina, mkafokeana kila mtu kwa lugha yake, mkanywa chai. Kisha asubuhi moja nilisikia akikuita kutoka chini, "Ma! Ma!" maana kwao pia mama ni Ma. Ulishuka ngazi kwa magoti yako yale mabovu. Nilipofika, fulana yake ilikuwa imelowa, na wewe umekaa chini unalia kwa sauti kama msibani.

Hayakuwa mengi. Nisiongope. Hayakumtosha Kit hata siku moja, na alikua kwa ziwa la mama yake, ziwa langu, na chupa ya kopo jipya alilotuandikia daktari, ambalo lilimkaa tumboni. Nikisikia vijana wa siku hizi wakihukumiana, huyu mama bora wa ziwa, yule mvivu wa chupa, huondoka chumbani. Najua mtoto aliyeishi kwa vyote vitatu.

Safari ya Hong Kong ilikuja kupata mtu. Jirani yao mmoja alikuwa anakwenda, tiketi iko tayari. Tulisikia ugomvi kupitia sakafu, sauti ya Keung juu, kisha ya Siu Fong juu zaidi, na hatukuwahi kuisikia hivyo. Baadaye akapanda ngazi na Kit mkononi. Hakuniangalia mimi, alikuangalia wewe, akasema Kiswahili ulichomfundisha kwenye karai la vyombo: "Ma. Huyu haendi."

"Haendi?"

"Haendi. Ananyonya mimi. Anabaki."

Keung alikuwa nyuma yake, kichwa chini. Nilidhani kakasirika. Kumbe alikuwa amekuja kukuuliza kitu, nami nikakitafsiri: mtoto atalala wapi dukani? Ukaenda ukatoa leso yako mpya, ile kanga ya maua mekundu ambayo hukuwa hata umeikata, ukampa. Kit alilala kwenye sanduku la viazi lililotandikwa leso ya Mombasa, nyuma ya kaunta, akinuka siki na mafuta ya samaki, na mama yake akigeuka tu anamwona.

Ulirudi Mombasa kabla watoto hawajaanza kutambaa. Sikupata kukuzika, na hilo halijapoa. Lakini siku ilipofika habari yako, Siu Fong alifunga duka, akapanda kwangu na sufuria ya uji, akaniambia, "Kunywa ingali moto." Kwa sauti yako kabisa.

Farida alipoolewa, Kit alikaa safu ya ndugu, na wakwe wakatazamana. Mwaka jana Siu Fong naye alifariki. Mazikoni Kit akatuweka mimi na Farida mbele, pamoja na familia, na aliponitambulisha alisema tu, "She fed me," yaani huyu alinilisha.

Sasa nikwambie kwa nini nimekaa kuandika. Binti yake Kit amejifungua, anakaa Stratford, ghorofa ya juu sana. Jana Kit alinipigia simu kwamba msichana analia, maziwa hayaji vizuri, niende. Nikaenda na supu. Nilikuta ana pampu, ana simu inayompigia kengele, ana nesi wa kumshauri kupitia video, na macho mekundu. Sikumfundisha kitu. Nilimpa supu, nikamwambia akalale, chupa ipo na ziwa lipo, vyote vitamngoja.

Nikabaki na mtoto. Akaniparamia kifuani kwa mdomo, anatafuta, anagonga kichwa kwenye sweta yangu, mimi ajuza wa miaka hii. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Hapa hamna kitu, babu, mngoje mama yako." Hakusikia. Akaendelea kutafuta. Na wallahi, Maa, nilihisi maziwa yakishuka.

Mungu akulaze mahali pema, akupe na wa kukukanda hayo magoti.

Mimi mwanao,
Zubeda