Maneno ya Baba Yaliyonishinda

Stechford, Birmingham
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa kaka yangu mpendwa Lennox,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama hapo Voi, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi tunaendelea. Baba anakula vizuri na hachoki kukuulizia.

Kwanza habari njema. Kaunsili, halmashauri ya jiji huku, imekubali kumpatia Baba wahudumu wa nyumbani kwa gharama ya serikali. Kuanzia kesho watakuja asubuhi na jioni kumwogesha, kumvalisha na kumsaidia chooni.

Najua utashangaa, maana nilikuambia walitunyima, na kwamba yule afisa aliyekuja kumpima hali, Kamlesh, hana huruma. Ulikasirika hata ukaomba kanisa zima limwombee moyo ulainike. Kaka, Kamlesh hakuwa na kosa. Ninaandika kwa sababu kwenye simu ningeshindwa.

Tangu apate kiharusi, Baba hawezi tena kutamka Kiingereza. Mdomoni kimebaki Kiswahili. Basi nikajitolea kumtafsiria. Kamlesh alipouliza anamudu vipi chooni, Baba alitazama zulia, kisha akaniambia nimweleze kwamba anajichafua, na nikiwa kazini hukaa hivyo hivyo kitini mpaka nirudi.

Kamlesh akanigeukia. Mimi ninayeogesha wazee wa watu kila siku, ninayeyataja mambo hayo bila kupepesa macho, nikasema Baba anahitaji tu mtu wa kumshika mkono bafuni. Yule Baba aliyekuwa akipiga pasi hata ovaroli lake la karakana kule Tyseley! Sikutaka mgeni amjue hivyo.

Kaunsili ikajibu kwamba hajafikia kiwango cha kusaidiwa. Wiki chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikamkuta sakafuni, amejaribu kufika chooni peke yake. Hakuvunjika popote, lakini aligeuza uso ukutani nilipomvua suruali.

Niliomba waje upya. Kamlesh alipoketi, kabla hajauliza lolote, Baba alinishika mkono akasema, "Leo, Rita, sema nilivyosema. Siku ile nilikusikia."

Kumbe Kiingereza kimemtoka mdomoni tu, masikioni kipo. Alinisikia nikidanganya, akanyamaza muda wote huo. Nikasema yote, neno kwa neno, huku nikilia mbele ya Kamlesh. Alipokwisha kuondoka nilimuuliza Baba mbona hakunikaripia. Akajibu kwamba alidhani ninamwonea aibu, hakutaka kunizidishia.

 

Tafadhali mweleze mchungaji ukweli, Kamlesh asibaki na jina baya mahali asipopajua. Na ukipiga simu, zungumza na Baba kwanza, mimi baadaye, kama bado utataka. Nisalimie wifi, na wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Rita