Nyumba Inayohama

Hodan mjukuu wangu,

Mimi nyanya yako nakusalimu. Garissa mvua imenyesha, na mama yako ni mzima. Katika barua yako unashangaa mbona wazee, maharusi na wenye watoto wanalipia meli hiyo ya kitalii unayofanyia kazi, ilhali inawazungusha tu na kuwarudisha walikotoka.

Katika vita walivyoviita vya shifta, yaani vya waasi wa huku kwetu, askari wa serikali walitufungia kijijini, wakatukataza kuhamahama na mifugo yetu. Siku moja mama yangu aliibomoa nyumba yetu ya mikeka, akaipakia juu ya ngamia, akazunguka nayo ndani ya ua wa kijiji, akaijenga tena palepale.

Askari mmoja akacheka. "Mama, umefika wapi?"

"Nimehama," mama akajibu kwa uso mkunjufu.

Hao abiria wako wanalala kwao huku nyumba inakwenda. Ukimaliza kuwatandikia vitanda, nitandikie na mimi kimoja, karibu na dirisha.