Nyota Tano za Binti wa Fundi Cherehani

Mwenzangu, usinipigie, nitalia. Soma tu. Nimejifungia stoo ya vitabu.

Unamkumbuka binti wa fundi cherehani, yule mpole niliyekuwa nakuringia kwamba tableti za kusomea zimemkomboa? Si kila mtoto anapewa somo la kiwango chake? Basi yeye kapita darasa zima. Nyota tano kila wiki!

Leo mama yake kaja shule. Nikasema ngoja nimfurahishe. Nikampa mtoto kitabu: "Haya, msomee mama."

Akakifungua, akainamisha kichwa.

"Soma tu, mwanangu."

Kitabu kakishika vizuri kabisa, machozi yanadondokea ukurasa.

Kumuuliza taratibu, kumbe jirani yake wa dawati akimaliza kazi zake anamfanyia na huyu za kwake! Tangu muhula uanze! Kila jibu likiwa sahihi, mashine inapandisha kiwango, na mtoto wa watu anazidi kuachwa.

Na mimi nilikuwa wapi? Watoto sitini na mbili, jamani. Nilikuwa naangalia nyota. Muhula mzima sijamsikia akisoma hata sentensi moja. Hata moja!

Nikaanza kumwomba mama radhi. Hakunifokea. Bora angenifokea. Alikuwa anamfuta mtoto machozi kwa ncha ya kanga, akasema polepole:

"Mwalimu, aliniambia hajui kusoma. Aliniambia mara mbili. Nikamchapa kwa kusema uongo, maana wewe ulisema anajua."