Fimbo Ulizomtumia Mama Yako

Hinterau, Tirol
27 Februari 1979

Mpendwa Kaka Leonhard,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, theluji imefika madirishani. U hali gani huko Hamburg? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta letu? Sisi wazima, isipokuwa kidole gumba cha mama yako, na hicho ndicho kilichonikalisha chini kuandika, mimi ambaye hata mwalimu alishindwa kunikalisha.

Nimekasirika, kaka. Nimekukasirikia wewe, na zaidi Bwana Sepp Gstrein, mwenyekiti wa chama cha ski.

Si unajua Jumapili ya kanivali kijiji kizima hufunga mbao za ski miguuni na kuteremka kwa kuteleza thelujini kutoka kanisa dogo la juu, na asiyeteremka husimama bondeni kuwagawia supu walioteremka. Shangazi Burga, mama yako, amegawa supu tangu wewe ukiwa kwenye nepi. Mwaka huu akasema basi, safari hii na yeye ataletewa bakuli. Akaja kwangu nimfundishe. Angekwenda kwa nani? Hakuna anayeteleza kunizidi kuanzia hapa hadi mpakani, na wanaobisha hawajaniona.

Kitu cha kwanza nikamnyang'anya fimbo za kujisukumia alizoazima. Mtu anayeteleza kujifurahisha anataka fimbo za nini? Watoto wetu wote hujifunza mikono mitupu. Wageni wa mjini ndio huzikokota nyuma kama mkia wa ng'ombe mgonjwa, mara wamchome mwenzao, mara wajikwae nazo wenyewe. Shangazi nilimpa sinia alishike mbele. Mwanamke aliyebeba mabakuli juu ya barafu miaka yote hiyo, mikono yake ilikwisha jua kazi. Miguu ikafuata. Haukupita muda akawa anakata kona huku anaimba!

Ndipo Gstrein akapita. "Burga, hiyo ni ski au mkahawa?" Kisha akatangaza kwamba asiye na fimbo hatamruhusu kuanza. "Kuteleza bila fimbo si kuteleza," akasema, "ni kuanguka kwa kuchelewa."

Shangazi akaona haya, akakuandikia, nawe ukatuma zile za aluminiamu zinazong'aa. Mimi mwalimu wake hukuniuliza!

Alizitumia mara moja tu. Akawa anaziangalia fimbo badala ya njia, akaanguka, mkanda wa fimbo ukamnasa mkono, gumba likapinda nyuma. Daktari amelifunga mpaka Pasaka. Unajua nani anakamua ng'ombe wenu siku hizi? Mimi! Na yule wa kahawia ananipiga mkia usoni makusudi.

Jumapili akapanda juu vilevile. Gstrein akamzuia: "Fimbo ziko wapi?"

Shangazi akamwonyesha gumba lililofungwa, nene kama soseji. "Nishikie wewe, Sepp."

Watu wakacheka, na mzee akiwa bado analikodolea gumba macho, Shangazi alikwisha ondoka. Kaka, aliteremka! Mikono mbele, sketi inapepea, hayumbi. Nilishangilia hadi sauti ikakauka, kisha nikampita na kutangulia chini, maana kwenda polepole sijui.

Sikufichi, kwa kuwa watakuandikia wao: pale karibu na daraja, penye tambarare, alikwama. Wenye fimbo wakajisukuma wakampita, yeye amesimama kama kigingi. Aliyemfikia ni Gstrein, ambaye kila mwaka huja wa mwisho. Akamnyooshea fimbo yake, Shangazi akaishika kwa mkono mzima, akavutwa hadi kwenye masufuria.

Sasa mzee anazunguka kijijini akisema fimbo zimemwokoa. Zimemwokoa! Mtu akuumize gumba, halafu adai shukrani kwa kukupa lifti! Nikamwambia mbele ya wote, "Kwa kipande kile cha tambarare ndiyo mtu abebe fimbo mlima mzima?"

"Nyamaza, mtoto, pua inakuvuja."

Ilikuwa baridi, kaka. Hata yake ilivuja.

Mama yako hakututazama. Mke wa mwoka mikate alimletea supu yenye donge la ini. Akaketi kwenye benchi katikati ya walioteremka, ski bado miguuni, akanywa yote, akaomba bakuli jingine. Gstrein akajisogeza karibu, anangoja ashukuriwe.

"Kaa kule, Sepp," Shangazi akamwambia. "Fimbo zako zinanichoma."

Kwa hiyo usitume fimbo nyingine. Njoo mwenyewe, ukamue.

Mama anakusalimu, dada yangu Zenzi pia, na mama yako anasema vaa soksi nzito. Msalimie shemeji Heike na umbusu mwanenu mdogo Uwe. Mungu akulinde huko bandarini, na akupe akili ya kuniuliza mimi kwanza.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Vitus